Mbuni Uliopita Lyamungu

Waswahili wana maneno mawili kwa kile ambacho mataifa mengi hukitaja kwa neno moja. Punje ni buni, kinywaji ni kahawa. Yote mawili yamevuka bahari kutoka Uarabuni, na hilo la pili, kwa maelezo ya wenye kamusi wa Kiarabu, hapo kale lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Kubuni kwa watunzi ni habari nyingine kabisa, ingawa malenga aliyekesha akitafuta kina cha mwisho hatakosa kuuona udugu. Na Waswahili hawakutosheka na hayo. Nyumba ya kulia wali na samaki wakaiita mkahawa.

Masufi wa Yemen, katika karne ya 15, walikunywa kahawa ili wapate kukesha katika dhikiri. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka Makka, aliwakusanya wanazuoni wakaiharamisha, lakini amri kutoka Kairo ikailegeza marufuku hiyo. Bandari ya Mukha ikatajirika kwa biashara ya buni. Mwaka 1715 Wafaransa walichukua miche Yemen wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, na ni kutoka kisiwa hichohicho mapadri wa Roho Mtakatifu walikuja Unguja katika miaka ya 1860, kisha Bagamoyo, na hatimaye wakapanda kwenda Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakiwa na mbegu.

Pwani haikungoja mapadri. Kahawa chungu ilikuwa tayari na adabu zake: dele la shaba juu ya makaa, tangawizi, vikombe vidogo visivyo na mkono vikigonganishwa njiani ili walioko barazani wajue muuzaji anapita, na kipande cha kashata au halua cha kuuvunja uchungu. Mnywaji wa barazani hakuuliza buni limechumwa mlima gani. Aliuliza nani amelikaanga na lini limetwangwa. Huo nao ulikuwa ujuzi wa kuonja, tena si mdogo, na wanaodhani kwamba ulimbwende wa kahawa ulianza juzi katika miji ya Ulaya na Marekani hawajawahi kumsikia mzee akilirudisha kombe kwa sababu kahawa imechemshwa mara ya pili.

Lililo jipya ni kuuliza shamba. Mwaka 1974 Erna Knutsen, mama mwenye asili ya Norway aliyefanya biashara ya kahawa San Francisco, alitumia katika jarida la biashara hiyo msemo wa kahawa maalumu, akikusudia ile ambayo ardhi na hali ya hewa ya mahali pamoja huipa ladha isiyopatikana kwingine. Baadaye zikaja alama, mia ikiwa ukomo, na minada ya mtandaoni ambamo gunia huuzwa pamoja na jina la mkulima wake.

Katika minada hiyo hakuna jina lililovuma kuliko Gesha. Mbegu zake zilikusanywa katika misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia katika miaka ya 1930, zikafikishwa Lyamungu, kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanzishwa Kilimanjaro mwaka 1934. Kutoka Lyamungu zilipelekwa Costa Rica mwaka 1953, na katika miaka ya 1960 zikaingia Panama, zikisifiwa kwa kustahimili kutu ya majani. Wakulima wa huko hawakuupenda mti wenyewe: mrefu, matawi mepesi kuvunjika, mavuno haba. Mwaka 2004 familia ya Peterson, wenye shamba la Hacienda La Esmeralda huko Boquete, waliitenga kahawa ya miti hiyo wakaipeleka mashindanoni peke yake. Waonjaji walikuta harufu ya asumini. Ikauzwa dola 21 kwa ratili. Mwaka 2019 Gesha ya shamba jingine la Panama, Elida, ilifika dola 1,029 kwa ratili. Njiani jina likaandikwa Geisha, na wanywaji wengi wakadhani ni mti wa Japani.

Miaka michache kabla ya mnada huo wa 2004, Uchagani palikuwa na msiba. Mgao wa mauzo uliokuwa ukiilinda bei duniani ulivunjika mwaka 1989, na kufikia 2001 bei ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Wakulima ambao wazee wao walijenga ushirika wa KNCU mwaka 1933, wakasomesha watoto kwa buni, waliiacha mibuni izeeke kati ya migomba, na wengine wakaing'oa. Mti ambao baadaye ungetajirisha wengine ulikuwa umepita katika udongo wao, ukapimwa kwa ugonjwa na mavuno. Kikombe chake hakikumpa mtu umaarufu hapo.

Lyamungu ingalipo, ni makao ya TaCRI, taasisi inayozalisha miche inayostahimili kutu na chulebuni. Na huko Japani kahawa ya arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile iliyochumwa Mbinga.