Mwalimu wa Nasari na Mkopo Wetu

Wengi hudhani kazi ya nasari ni kuimba na kugawa uji tu. Kenya iliunda NACECE mwaka 1984, kisha vituo vya wilaya, DICECE. Walimu walisoma miaka miwili wakati wa likizo, muhula wakifundisha. Tatizo karo: mshahara ulitoka kwa wazazi, na mvua ikikosa, mshahara nao hakuna. Tangu 2013 chekechea za umma ziko chini ya kaunti.

Mwenzetu alipokuja kukopa karo ya cheti, tulibishana mpaka jioni. Mbuzi tunajua atauzwa lini, cheti je? Tukampa. Alichelewa miezi minne kurudisha, tukanuniana, kusema kweli. Alimaliza kulipa. Siku hizi wajukuu wetu wanamwita Ticha.