Kuhamisha ni Kuhesabu

Kompyuta ya kwanza ya kikundi chetu ilifika Rubondo juu ya boda, imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Ilikuwa imetumiwa na wengine kabla yetu. Betri ilishakufa, kwa hiyo sola ikizimika nayo inazimika papo hapo. Kibonyezo cha herufi A kilikuwa kimeng'oka, ukabaki mpira mdogo wa kugusa na kidole. Wewe msomaji jaribu kuandika Kiswahili mstari mmoja bila A, ndipo utajua tuliteseka namna gani.

Lakini ndani yake mlikuwa na maisha yetu: hesabu za akiba, barua nilizowaandikia majirani, orodha za michango ya matanga, na sauti za wazee nilizorekodi kwa simu. Mwaka 2023 kioo kikaanza kuchora mistari. Fundi mmoja wa Mbarara aliiangalia, akatikisa kichwa: "Hii inakuaga. Toa vitu vyako mapema." Tukachanga, tukanunua nyingine, nayo pia ya mkono wa pili.

Kabla sijaeleza kilichotokea, nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Nakivale inajua habari ya kuhamisha mafaili kuliko sisi.

Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, na serikali ikayatambua rasmi mwaka 1960. Wakati ule mkimbizi alikuwa mstari wa wino ndani ya rejesta. Karatasi ikilowa au ikiliwa na mchwa, ilibidi mtu aanze upya kujieleza. Kompyuta zilikuja baadaye sana. UNHCR ilianza kueneza programu yake ya proGres katika nchi mbalimbali kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Hapa Uganda, Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo sote tunaita OPM, ilikuwa na mfumo wake ulioitwa RIMS.

Halafu ukafika mwaka 2018. Wengi mnaosoma hapa mlisimama kwenye ile foleni. Kuanzia Machi hadi Oktoba, OPM na UNHCR walifanya uhakiki nchi nzima, sisi tukauita verifikesheni. Unaweka vidole, unafungua macho mbele ya mashine, unajibu maswali, ndipo familia yako inaingia katika mfumo mpya. Kumbukumbu za RIMS hazikumwagwa tu upande wa pili kama maji kutoka ndoo hadi ndoo. Watu waliitwa wenyewe waje.

Orodha ya zamani ilikuwa na takriban watu milioni 1.4. Baada ya uhakiki wakabaki kama milioni 1.1. Kulikuwa na tuhuma kwamba hesabu za kwanza zilikuzwa. Lakini pia wapo waliokuwa wamerudi kwao, waliohama, waliokufa, walioandikwa mara mbili, na wasiofika siku ya kuhesabiwa. Wakati ule mimi nilinung'unika kwa sababu ya jua. Miaka mitano baadaye nikaelewa kwa nini mtu hahamishi orodha bila kumwita kila mmoja kwa jina.

Maana mimi nilihamisha bila kuita. Nilichomeka diski ya nje jioni, sola ikiwa karibu kuisha, nikakamata kila kitu, nikakokota. Katikati mashine ikasimama kuniuliza swali: jina la faili ni refu mno, niliruke? Nilikuwa nimechoka. Nikabonyeza ruka. Ikauliza tena, nikaruka tena. Mwisho ikaandika kwamba kazi imekwisha, nami nikaenda kulala na roho safi.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja jirani, amebeba mtoto mgongoni. "Kaka, ile sauti ya papa iko? Huyu mtoto hakumuona babu yake. Nataka amusikie."

Baba yake nilimrekodi mwaka 2016. Alinieleza jinsi walivyovuka Bunagana Julai 2012, siku M23 walipouteka ule mji, jinsi walivyopokelewa kambi ya mpito ya Nyakabande kule Kisoro, mpaka basi likawaleta Rubondo. Alifariki 2019. Nilifungua kompyuta mpya, nikatafuta. Hakuna. Nikatafuta tena huku yule mama ananiangalia mikono. Hakuna.

Nashukuru kwamba ile ya zamani sikuwa nimeiuza vipuri. Niliiwasha kwa jirani mwenye sola kubwa, ikachukua karibu nusu saa kuamka. Nikahesabu mafaili: kwa zamani 612, kwa mpya 609. Matatu. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na tabia ya kulipa faili jina kama sentensi nzima, mzee nani, katoka wapi, anaeleza nini, tena ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine. Windows kwa kawaida haipendi njia ya faili inayozidi herufi 260. Nikafupisha jina, yale maelezo nikayaandika kwenye daftari, nikahamisha. Nikafungua palepale. Mzee akakohoa, akaanza: "Jina langu…" Binti yake akaketi chini.

Baadaye akaona kitu kwenye kioo. "Lakini hapa wameandika 2023. Papa alikufaka 2019. Namna gani basi aongee 2023?"

Nilimweleza. Ukinakili faili, kompyuta mpya inaandika tarehe ya kuzaliwa kwake kuwa siku lilipofika pale. Tarehe ya mara ya mwisho lilipobadilishwa inabaki ileile ya zamani. Kwa hiyo unaweza kuona faili lililobadilishwa kabla halijazaliwa.

Akacheka kidogo, halafu akanyamaza. "Ni kama sisi," akasema. Na ni kweli. Wangapi hapa wana siku ya kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hapakuwa na tarehe nyingine ya kuandika? Yeye mwenyewe ana karatasi moja inayosema walifika 2013. Karatasi ile ilishika siku walipoandikwa. Sauti ya baba yake imeshika siku walipovuka. Sauti si cheti, sikumdanganya juu ya hilo. Lakini sasa anajua mwaka wa kujibu akiulizwa, na mtoto wake naye atajua.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Tunahesabu kabla na baada. Tunafungua kila faili, hata likiwa la dakika mbili. Tarehe ya kweli tunaiweka ndani ya jina lenyewe, mwaka kwanza, na jina liwe fupi. Nakala ya pili inalala nyumba nyingine. Na mashine ya zamani hatuiuzi mpaka mtu mwingine, si yule aliyehamisha, aseme ameona vyote.

Ninyi mnaofanya kazi na orodha zetu, nadhani mnayajua haya kuliko mimi. Ninaomba tu jambo moja: mashine ikiwauliza kama iruke, msiijibu mkiwa mmechoka. Mimi nilijibu hivyo, na niliyemruka alikuwa mzee wa watu.