Mlango Mwembamba Unaohama

Matokeo ya mtihani wa KCSE wa 2024 yalipotangazwa Januari 2025, watahiniwa wa shule ya Sironga Girls, kama wenzao wote nchini Kenya, waliyatafuta mtandaoni. Ombi la simu moja hutoka kwenye vilima vya majani chai vya Nyamira, hupita mnarani, hushika faiba, kisha huingia kwenye chumba cha seva kilicho mbali sana na Sironga. Huko ndani hatua ya mwisho ni kadi ya mtandao, kibao kisichozidi kiganja kilichochomekwa mgongoni mwa seva. Mambo yakikwama watu huulaumu mnara, huilaumu kampuni ya simu. Kadi haitajwi na yeyote. Hata hivyo historia ya mawasiliano yetu ni ya mlango mwembamba, mahali ujumbe unapobanwa, usioondoka bali huhama tu, na mara nyingi umehamia hapo kwenye kadi.

Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ya kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilifika Unguja kutoka Aden, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Unguja. Waya ukaifuata reli hadi Kisumu, ilikofika Desemba 1901. Reli haikupanda vilima vya Gusii, iliko Nyamira, na haijapanda hadi leo. Wakoloni walipojenga boma lao Kisii mwaka 1907, habari ya London ilikuwa ikivuka bahari kwa saa chache, ilhali mtu wa kuileta kutoka Kisumu kwa miguu alihitaji siku kadhaa: mlango ulikuwa hapo. Miaka ya foleni za kuomba simu na ya kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa 1970, naiacha ipite.

Kadi yenyewe ina asili yake California. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox mjini Palo Alto, Bob Metcalfe na David Boggs walianza kubuni Ethernet ili kompyuta za ofisi ziwasiliane na kutumia printa moja ya leza. Kasi yake ya kwanza ilikuwa megabiti 2.94 kwa sekunde. Mwaka 1979 Metcalfe alianzisha kampuni ya 3Com, na miaka michache baadaye ikawa inauza kadi za kuchomeka kwenye kompyuta ndogo za IBM. Kufikia 1983 kulikuwa na kanuni rasmi ya megabiti 10, na kasi hiyo ilionekana ingetosha kizazi kizima.

Haikutosha. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida za dukani zifanye kazi kama mashine moja kubwa. Wakaiita Beowulf, na klasta nyingi za leo, yaani kompyuta zilizounganishwa hivyo, ni wajukuu zake. Tatizo halikuwa akili ya mashine. Vichakataji vilikuwa vinamaliza hesabu vikakaa vikisubiri jibu la jirani, kwa kuwa megabiti 10 zilikuwa chache mno. Basi kila kompyuta ikapewa kadi mbili, na Becker akaandika draiva za kugawa mzigo kati yake. Kadi za megabiti 100 ziliposhuka bei, ujanja huo haukuhitajika tena. Kadi za zamani zikang'olewa, mpya zikachomekwa. Kwangu mimi huo ndio ufundi halisi wa klasta, ingawa sifa zote huenda kwa vichakataji.

Huku kwetu mlango ulikuwa bado nje ya jengo, tena mbali. Barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi ilipanda setilaiti, ikatua ng'ambo, ikarudi. Kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na wadhibiti baada ya wiki chache, kikarudi 2002. Mwaka 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa. Hata hivyo, hadi 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani: mtu wa Nyamira akimtumia mama yake pesa za unga, hesabu ilifanyika Ulaya.

Data ilipokuja kukaa nyumbani, mlango nao ukaingia ndani. Kule Kabete, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ina klasta yake. Watafiti wake walishiriki kusoma jenomu ya kimelea cha ndigana kali, kazi iliyochapishwa 2005. Ni ugonjwa ambao mfugaji wa Gusii mwenye ng'ombe mmoja wa gredi anaujua kwa hasara. Data za jenomu ni nzito. Terabaiti moja kupitia kadi ya gigabiti 1 huchukua zaidi ya saa mbili hata njia ikiwa nyeupe. Kwa gigabiti 10 ni kama dakika 13.

Kubadilisha kadi kwasikika kama kazi ya bisibisi. Sivyo. Kila kadi huzaliwa na anwani yake ya MAC, na seva inayopakia mfumo wake kupitia mtandao inapowaka hutambuliwa kwa anwani hiyo. Kadi mpya ni mgeni mlangoni. Linux za zamani ziliikumbuka kadi iliyotolewa, zikaiita mpya eth1 badala ya jina la zamani, na seva ikawaka bila kuonekana mtandaoni. Mwaka 2013 majina ya kadi yalianza kufuata nafasi ya kadi kwenye ubao, kero ikapungua. Kuna mtego mwingine ninaouona mbaya zaidi: upande mmoja ukipangiwa vifurushi vya data vya baiti 9000 na mwingine ukabaki na 1500, salamu fupi hujibiwa vizuri, lakini faili kubwa hukwama. Fundi anaweza kumaliza usiku akitafuta waya mbovu usiokuwepo.

Hata wakubwa wameutambua uzito wa kadi: mwaka 2020 NVIDIA, mtengenezaji wa vichakataji vya akili mnemba, alikamilisha kuinunua Mellanox, mtengenezaji wa kadi za mtandao, kwa takriban dola bilioni 7. Sasa zipo kadi za gigabiti 400. Chuo chenye seva nne hakihitaji hizo. Za gigabiti 10 zilizokwisha kutumika ng'ambo zinatosha, ila swichi, kifaa kinachoziunganisha seva, ikaguliwe kwanza. Ikiwa ni ya gigabiti 1, mlango utakuwa umehama futi mbili tu, kutoka mgongoni mwa seva hadi juu ya kabati la seva.