Ukarabati wa bampa lililokwaruzwa

Ukarabati wa bampa lililokwaruzwa ni kazi ya kuondoa au kuziba mikwaruzo kwenye bampa la gari kwa kusafisha, kupiga msasa na, inapobidi, kupaka rangi upya. Neno bampa limetoka katika Kiingereza. Ni sehemu ya mbele au ya nyuma ya gari inayopokea mgongano mdogo kabla haujafika kwenye taa, bodi na injini.

Mikwaruzo ya juujuu inaweza kuondolewa nyumbani kwa vifaa vichache. Mikwaruzo iliyofika kwenye plastiki huhitaji rangi. Bampa lililopasuka au kulegea si suala la sura tena bali la usalama, na rangi mpya haiwezi kulirudishia nguvu yake.

Nchini Tanzania jambo hili linawagusa hasa wenye magari waliokata bima ndogo, yaani bima ya lazima inayofidia madhara waliyoyapata watu wengine. Bima hiyo hailipii uharibifu wa gari la mwenye bima mwenyewe, kwa hiyo gharama ya bampa hutoka mfukoni mwake.

Muundo wa bampa

Zamani mabampa yalitengenezwa kwa chuma, mara nyingi kilichopakwa kromu. Mwaka 1972 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari la Renault 5 lenye mabampa ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza na magari ya mwaka 1973 ilidai bampa la mbele lihimili mgongano wa takriban kilomita 8 kwa saa bila taa na vifaa vingine vya usalama kuharibika. Baadaye plastiki ilienea katika magari madogo karibu yote.

Bampa la kisasa lina sehemu tatu:
- ganda la nje la plastiki, ambalo ndilo linaloonekana;
- povu gumu au kifaa kingine kinachopunguza kishindo;
- mwamba wa chuma au alumini uliofungwa kwenye fremu ya gari.

Ganda mara nyingi ni la polipropilini, plastiki inayolainika kwa joto. Upande wake wa ndani huwa na herufi zinazotaja aina ya plastiki. PP ni polipropilini. Plastiki hii ina uso mtelezi, na rangi au gundi ya kawaida haiishiki vizuri. Ndiyo sababu rangi iliyopakwa ovyo kwenye bampa hubanduka kama maganda baada ya kuoshwa mara chache.

Juu ya plastiki kuna tabaka la rangi ya awali (praima), tabaka la rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu ambayo mafundi huiita klia. Unene wa klia kwa kawaida ni mikromita 40 hadi 50, yaani pungufu ya unene wa unywele mmoja. Mtu anayesugua sana huimaliza haraka.

Kupima kina cha mkwaruzo

Kabla ya kununua kitu chochote, bampa huoshwa kwa maji na sabuni, kisha hukaguliwa kwa njia tatu.

- Maji: mkwaruzo hulowanishwa. Ukitoweka ukiwa na maji na kuonekana tena ukikauka, umeishia kwenye klia.
- Ukucha: ukucha hupitishwa kukata mkwaruzo. Usiponasa, mkwaruzo ni wa juujuu. Ukinasa, umeingia ndani zaidi, na kung'arisha peke yake hakutautoa wote.
- Rangi ya ndani: ikionekana rangi nyeusi au ya kijivu tofauti na ya gari, mkwaruzo umefika kwenye praima au plastiki.

Mara nyingi alama inayoonekana kama mkwaruzo ni rangi ya ukuta, nguzo au gari jingine iliyobaki juu ya klia. Hiyo hutolewa kwa kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo, kisha mahali hapo huoshwa kwa sabuni. Tina huondoa alama haraka zaidi, lakini inaweza kuyeyusha rangi, hasa ya bampa lililowahi kupakwa gereji. Petroli haifai kwa sababu mvuke wake huwaka kwa urahisi.

Mikwaruzo ya juujuu

Mkwaruzo ulioishia kwenye klia hung'arishwa kwa dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Dawa hiyo ina chembe ndogo zinazosaga kingo za mkwaruzo mpaka mwanga usivunjike tena hapo. Hupakwa kidogo kwa kitambaa laini, husuguliwa kwa mizunguko na kufutwa. Dawa ya meno hufanya kazi hiyo kwa alama nyepesi sana tu.

Mkwaruzo ukibaki, hutumika msasa wa maji namba 2000 kisha 3000, ukiwa umelowana muda wote. Msasa mkavu hauruhusiwi katika hatua hii. Baada ya hapo dawa ya kung'arishia hurudiwa.

Mikwaruzo iliyofika kwenye plastiki

1. Bampa huoshwa na kukaushwa, na mafuta yote kutolewa. Nta au mafuta yakibaki, rangi hutengeneza vishimo.
2. Sehemu inayozunguka mkwaruzo husuguliwa kwa msasa namba 400 kisha 600, mpaka kingo za rangi ya zamani zisisikike kwa kidole.
3. Mkwaruzo wenye kina huzibwa kwa puti ya plastiki, ambayo hubaki na unyumbukaji. Puti ya bodi za chuma hukauka ikawa ngumu, hivyo hupasuka bampa linapojikunja.
4. Puti ikikauka, husawazishwa kwa msasa namba 240, 400 na 600.
5. Sehemu zisizopakwa, zikiwemo taa, namba ya gari na vihisio vya kuegesha, hufunikwa kwa magazeti na utepe wa karatasi.
6. Penye plastiki tupu hupulizwa dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, kisha praima. Praima ikikauka hulainishwa kwa msasa namba 800.
7. Rangi hupulizwa kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 30, mara tatu au zaidi, kila mara tabaka jembamba. Kati ya tabaka na tabaka husubiriwa dakika 10 hadi 15, au kama kopo linavyoelekeza. Tabaka nene hutiririka.
8. Klia hupulizwa kwa namna ileile. Gari huachwa bila kuoshwa kwa takriban wiki moja.

Namba ya rangi

Rangi mbili nyeupe zaweza kuonekana sawa dukani na kutofautiana juani. Kila gari lina namba ya rangi kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Katika magari ya Toyota, kwa mfano, 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha, na 070 ni nyeupe yenye mng'ao wa lulu. Nyeupe ya lulu huhitaji rangi ya chini, tabaka la lulu na klia. Ni vigumu kuilinganisha nyumbani, na jaribio lililoshindikana hugharimu kuliko fundi.

Bampa lililobonyea

Ganda lililobonyea bila kupasuka linaweza kurudishwa kwa maji ya moto. Maji yanayochemka humwagwa juu ya bonyeo, ganda husukumwa kutoka ndani kwa mkono wenye glavu, kisha humwagiwa maji baridi ili libaki katika umbo lake. Kwenye mwinuko wa mita 1,300 maji huchemka kwa takriban nyuzijoto 96 za Selsiasi, na joto hilo bado linatosha. Moto wa mkaa au wa kuni hautumiki, kwa kuwa polipropilini huyeyuka karibu na nyuzijoto 160 na pia huwaka.

Mazingira ya Ngaka na mwambao wa Ziwa Nyasa

Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, inajulikana kwa makaa ya mawe, ambayo uchimbaji wake mkubwa ulianza mwaka 2011. Magari madogo hutumia njia pamoja na malori ya makaa, na changarawe zinazorushwa na magurudumu huacha vidonda vidogovidogo kwenye bampa la mbele. Vumbi la barabara nalo husaga klia likifutwa kwa kitambaa kikavu. Bampa lenye vumbi humwagiwa maji kwanza, ndipo liguswe.

Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili. Katika vilima vya Umatengo asubuhi huwa na ukungu na baridi, na klia iliyopulizwa kwenye unyevu hufifia ikawa kama maziwa. Kazi hufaa kuanza unyevu ukishakauka, kivulini, siku isiyo na upepo. Mwambaoni, kama vile Mbamba Bay, joto ni kubwa zaidi, na rangi ikipulizwa kwenye jua kali hukauka kabla ya kutandaa. Upepo wa ziwa huleta mchanga kwenye rangi mbichi.

Ukungu wa rangi husafiri mbali. Haupulizwi karibu na chanja za kahawa au za dagaa, kisima, wala jiko lenye moto.

Usalama wa mpulizaji

Msasa wa maji hupunguza vumbi la kuvutwa puani. Rangi ya kopo hupulizwa nje, watoto wakiwa mbali. Kopo lina shinikizo: haliachwi juani, halitobolewi wala halichomwi hata likiwa tupu.

Klia ya kuchanganya na kigumishi, inayopulizwa kwa kompresa, kwa kawaida ina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo zaweza kusababisha pumu ya kudumu. Kitambaa au barakoa ya karatasi haizizuii. Aina hiyo huachwa kwa gereji yenye vifaa vya kupumulia, na fundi asiyevitumia yuko hatarini pia.

Mipaka ya kazi ya nyumbani

Bampa hupelekwa kwa fundi ikiwa ganda limepasuka, vishikizo vimevunjika, limetengana na bodi, au gari liligongwa kwa kishindo. Ganda hufunguliwa ili mwamba na povu vikaguliwe, kwa sababu ganda huweza kurudi katika umbo lake huku mwamba wa ndani umepinda. Ufa katika ganda unaweza kuchomelewa kwa plastiki ya aina ileile. Kushona kwa waya huzuia ganda lisidondoke njiani, lakini si ukarabati kamili. Katika magari yenye rada nyuma ya bampa, puti na rangi nene huweza kuvuruga usomaji wake.

Mnunuzi wa gari lililotumika hufaidika kwa kutazama upande wa ndani wa bampa. Nyufa, waya, puti na skrubu ngeni huonekana huko hata kama upande wa nje unang'aa.