Ukumbi wa jamii Arusha: Suala la magari lianze kabla ya ramani

UKUMBI wa mikutano wenye historia kubwa kuliko zote mjini Arusha ulijengwa wakati magari yakiwa machache. Ni jengo la Kaloleni, jirani na Mnara wa Mwenge katika Barabara ya Makongoro, ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Mwaka 1977 jengo hilo lilifanywa makumbusho. Daladala, bodaboda na mikokoteni vinavyolizunguka leo havikuwamo katika hesabu za waliolijenga.

Ukumbi mpya unapopangwa sasa, hesabu hiyo haikwepeki. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ilihesabu 617,631. Harusi moja ya Jumamosi, au sherehe ya kipaimara, huleta magari mengi kwa wakati mmoja katika mtaa ambao siku nyingine ni tulivu.

Umbo la mji nalo huongeza tatizo. Mito ya Themi na Naura hushuka kutoka Mlima Meru na kuukata mji kuelekea kusini, hivyo anayesafiri kutoka mashariki kwenda magharibi hulazimika kupita kwenye madaraja yaliyopo, na hayo si mengi. Ukumbi ukiwekwa karibu na daraja, foleni yake huwafikia hata watu wa kata ya pili. Upanuzi wa barabara ya Sakina hadi Tengeru kuwa ya njia nne, pamoja na barabara ya mchepuko iliyojengwa kusini mwa mji, ulilenga magari ya safari ndefu. Barabara za ndani ya mitaa ni suala jingine.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka wadau, wakiwamo wenye ardhi, washirikishwe katika kuandaa mpango wa eneo. Kiwanja kilichotengwa kwa makazi kikitakiwa kugeuzwa cha ukumbi, mwombaji hutakiwa kutangaza kusudio lake ili mwenye pingamizi alitoe. Tangazo hilo ndiyo nafasi bora ya majirani, na ndilo wengi hulipita bila kulisoma.

Mkutano mkuu wa mtaa, unaowahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, hujaza watu zaidi. Hata hivyo hauna mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi. Maoni yake hupitia kata hadi halmashauri. Kwa hiyo uzito wake hutegemea muhtasari. Kuandika kwamba wananchi wanalalamikia foleni hakumsaidii mpangaji miji. Muhtasari unaotaja saa za msongamano, mahali watoto wa shule wanapovuka, upande ambao lango litaziba njia, na kama basi la wageni linaweza kugeuka ndani ya kiwanja, humpa mpangaji jambo la kupima.

Barabara zenyewe ziko chini ya mamlaka nyingine. Za mijini na vijijini husimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi yake hadi meta 60. Ukumbi uliochorwa bila kuzihusisha mamlaka hizo huweza kukamilika kabla lango lake halijapata njia halali ya kuingilia.

Kwenye miteremko ya Meru mambo hubadilika tena. Sehemu ya huko iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, na mahali palipo na kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ndio husikilizwa. Tengeru tayari hulemewa siku za soko, Jumatano na Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku inayopendwa kwa sherehe. Juu zaidi, njia hupita katikati ya vihamba vya migomba na kahawa. Kuipanua ili magari mawili yapishane ni kuchukua sehemu ya kihamba cha mtu, na mwenye kihamba anastahili kuulizwa, na fidia yake kujulikana, kabla jiwe la msingi halijawekwa.