Pogoa, Si Sanidi

Rasimu ya faharasa ya tehama ya jopo letu iliyonifikia hapa Endasak ina ingizo ambalo ilinibidi nilisome kwa sauti: "usanidi wa maktaba ndogo ya C kwa vichakataji vilivyofukiwa." Vilivyofukiwa! Kinachofukiwa ni shimo, au mbegu. Kichakataji kilichomo ndani ya mita ya umeme kimepachikwa, na kitenzi hicho fundi yeyote wa redio anacho kinywani. Lakini hilo linasahihishika kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu. Lililonikaa kooni ni usanidi.

Mzizi wa s-n-d katika Kiarabu ni wa kuegemea. Sanadi ni tegemeo, kisha ikawa hati inayoshikilia dai la mtu. Isnadi ni mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani, unaoitegemeza hadithi ya Mtume. Ukoo mtukufu, sina ugomvi nao. Ila humo hamna hata mmoja anayekata, na kazi tunayoitafutia jina, ya kuchagua sehemu za maktaba zitakazobaki kabla ya kuijenga, ni kukata. Isitoshe, sanidi imezagaa kwenye simu zetu ikibebeshwa kila mzigo, kuanzia kuwasha kifaa kipya hadi kuchagua mlio, na imekaa karibu mno na sanifu na sanii kiasi kwamba wanafunzi huzibadilishana bila kujua.

Waheshimiwa wa jopo wangeanza na jina la maktaba yenyewe. uClibc, iliyokuzwa na Erik Andersen kwa ajili ya uClinux, yaani Linux ya vichakataji visivyo na kitengo cha kusimamia kumbukumbu, inaanza na herufi ya Kigiriki mu, ile ya maikro, ikaandikwa u kwa kuwa kibodi za kawaida hazina mu. C inayofuata si lugha ya C; ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kidhibiti. Lugha ya C inaingia mwishoni, kwenye libc. Basi hiyo "maktaba ndogo ya C" imekiruka kidhibiti, ambacho kwa ajili yake maktaba iliandikwa. Jopo zima, na hakuna aliyeuliza.

Mimi nasema pogoa. Tazama kiishio chake: chomoa, ng'oa, opoa, pogoa. Hii -oa ni ya kuondoa, na Kiswahili hakikuiazima popote. Msimbo wa uClibc-ng, tawi lililoendelezwa baada ya toleo la mwisho la uClibc ya awali mwaka 2012, hukujia ukiwa mti kamili. Unataja kwanza aina ya kichakataji, kama kina kitengo cha kumbukumbu au hakina, kisha unapita swali kwa swali: herufi pana? lugha za maeneo? IPv6? nyuzi? Kila "hapana" ni tawi chini, na msimbo wake hautaingia kwenye faili la mwisho. Tena tulishakubali mzizi wa saraka, tukakubali matawi ya msimbo. Mti umesimama miaka yote hii, na panga tumenyimwa.

Mwenzangu mmoja, mwandishi wa mjini, ameniandikia kwamba pogoa hupunguza tu ilhali kazi hii pia huongeza. Hajawahi kupogoa mparachichi. Anayepogoa anachagua yatakayobaki. Yanayoanguka ni matokeo. Na mtoto wa Kiiraqw au wa Kidatoga wa huku kwetu anayekutana na Kiswahili kama lugha ya pili, pogoa atalisikia shambani kabla ya kuliona darasani. Sanidi atalikuta kwenye simu, likiwa limekwisha kuchoka.

Wanaodai umma haupokei istilahi waitazame LUKU. Lipa Umeme Kadri Utumiavyo ilikuwa sentensi. Leo ni nomino, inanunuliwa, inaisha usiku. Na mita yenyewe ni somo la kupogoa: wakati katika tokeni zake umetengewa biti 24, zilizokuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa 1993. Dakika 16,777,216 zilifika ukingoni Novemba 24, 2024, ndiyo maana kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza tokeni za ziada. Je, aliyezipangia biti hizo alipogoa mno? Karibu miaka 32 si haba, na jopo langu hili bado linabishania vilivyofukiwa.

Neno maktaba lenyewe naliacha, ingawa programu iliyounganishwa kwa kunakiliwa haiazimi kitabu ikakirudisha. Inachana kurasa inazozitaka na kuondoka nazo.

Kwa matumizi: kupogoa maktaba; upogoaji, yaani kazi yenyewe; upogoo, yaani orodha ya majibu inayohifadhiwa kwenye faili la .config; na maktaba iliyopogolewa kwa ajili ya vichakataji vya ARM. Asiyeridhika na upogoo na aseme mpogoo, mradi asirudi kwenye sanidi.