Sayuni katika Biblia, Uzayuni katika habari: namna vyombo vya habari vinavyojenga mawazo yetu

Katika makanisa yetu ya mashariki, jina Sayuni linaimbwa karibu kila Jumapili. Ni mlima wa Mungu, ni mji wa Daudi, ni tumaini la waamini. Lakini mkristo huyo huyo akirudi nyumbani na kufungua redio saa ya habari, anasikia "Wazayuni" wakitajwa kama jina la adui. Wengi hawajui kwamba maneno hayo mawili yana mzizi mmoja. Sayuni lilitufikia kwa njia ya Biblia. Uzayuni lilitufikia kwa njia ya Kiarabu na siasa. Kwa hiyo tunapenda la kwanza na kuogopa la pili, bila kuuliza kwa nini.

Makala hii inaeleza Uzayuni ni nini, na namna magazeti, redio, televisheni na simu zetu zinavyojenga mawazo ya watu juu yake na juu ya wanaouunga mkono.

Uzayuni ni nini?

Uzayuni ni fikra ya kisiasa iliyozaliwa Ulaya katika karne ya 19. Inasema kwamba Wayahudi ni taifa, na kwamba wana haki ya kuwa na makao yao katika nchi ya mababu zao. Anayejulikana zaidi kati ya waanzilishi wake ni Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa gazeti la Vienna. Herzl alikuwa Paris wakati kapiteni Alfred Dreyfus, Myahudi wa jeshi la Ufaransa, alipohukumiwa kwa uongo mwaka wa 1894. Gazeti la La Libre Parole, la Édouard Drumont, lilichochea chuki juu ya Wayahudi siku zile. Dreyfus alisafishwa jina lake mwaka wa 1906 tu. Herzl alichapisha kitabu chake Der Judenstaat mwaka wa 1896, na mwaka uliofuata aliita mkutano wa kwanza wa Wazayuni huko Basel, Uswisi.

Jambo hili liligusa hata sehemu zetu. Mwaka wa 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi eneo katika Afrika Mashariki, kwenye nyanda za Uasin Gishu zilizo leo Kenya. Mkutano wa Wazayuni wa mwaka wa 1905 ulikataa. Taifa la Israeli lilitangazwa tarehe 14 Mei 1948. Katika vita vya wakati ule, Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makao yao. Wao huita tukio hilo Nakba, maana yake maafa.

Toka mwanzo Wazayuni hawakuwa na wazo moja. David Ben-Gurion alikuwa mjamaa, asiyeshika sana dini. Wengine walikuwa marabi waliosoma unabii. Mwaka wa 1978 askari wa akiba wa Israeli walianzisha chama kinachoitwa Peace Now, kudai amani na Waarabu. Hao pia walijiita Wazayuni. Tena kuna Wayahudi washika dini wanaoukataa Uzayuni, na kuna wakristo wengi wanaouunga mkono. Basi anayesema "Wazayuni wote wanataka hivi" amekwisha kuacha ukweli.

Uongo uliochapishwa

Mwaka wa 1903 gazeti moja la Urusi lilichapisha maandishi yaliyoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni. Yalidai kuwa ni mipango ya siri ya Wayahudi ya kutawala dunia. Mwaka wa 1920 gazeti la Henry Ford, tajiri wa magari huko Marekani, lilianza kueneza mawazo hayo kwa wasomaji wengi. Mwaka wa 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo iliibwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka wa 1864, ambacho hakikuwa na habari ya Wayahudi hata kidogo. Ford aliomba radhi mwaka wa 1927. Lakini maandishi yenyewe yaliendelea kuchapishwa, na Wanazi waliyatumia. Hata leo, anapotokea mtu kwenye simu akisema "Wazayuni ndio wanaoongoza benki na serikali zote", anarudia uongo ule wa 1903.

Njia nne za upendeleo

*Majina.* Idhaa ya Kiswahili ya Iran haipendi kusema "serikali ya Israeli". Inasema "utawala wa Kizayuni". Kabla habari haijaanza, msikilizaji amekwisha kuambiwa kwamba nchi hiyo haistahili kuwako. Neno "walowezi" nalo linamkumbusha Mwafrika wazungu waliochukua mashamba ya Kenya. Upande mwingine, mtu mmoja anaitwa "gaidi" na redio hii, "mwanamgambo" na ile, "mpiganaji" na ya tatu. Angalia pia vitenzi: wengine "waliuawa" na fulani, wengine "walikufa" tu, kama vile hakuna aliyewaua.

*Picha.* Mwisho wa Septemba 2000, magazeti makubwa yalichapisha picha ya kijana anayetoka damu kichwani, na nyuma yake polisi wa Israeli ameshika rungu. Maelezo yalisema kijana ni Mpalestina. Kwa kweli alikuwa mwanafunzi Myahudi kutoka Chicago, aliyepigwa na kundi la Wapalestina, na polisi alikuwa akiwafokea waliompiga. Sahihisho lilikuja siku chache baadaye, wakati picha ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

*Haraka.* Tarehe 17 Oktoba 2023 mlipuko ulitokea katika hospitali ya Al-Ahli huko Gaza, hospitali ya Kanisa la Kianglikana. Wizara ya afya iliyo chini ya Hamas ilisema ni bomu la Israeli na kwamba watu wapatao 500 wamekufa. Vyombo vingi vya dunia vilitangaza hivyo mara moja. Usiku huo huo watu walijaa barabarani katika miji mingi, na mkutano wa viongozi uliopangwa Amman ukafutwa. Siku zilizofuata, wapelelezi wa Marekani, na baadaye Human Rights Watch, walielekea kwenye roketi iliyorushwa kutoka Gaza yenyewe ikaanguka vibaya. Wamarekani walikadiria waliokufa kuwa kati ya 100 na 300. The New York Times lilikiri kwamba lilitegemea mno madai ya Hamas. Waliokufa walikuwa watu wa kweli, na tunawalilia. Lakini dunia iliambiwa jina la muuaji kabla ya uchunguzi.

*Kipimo.* Matti Friedman, aliyefanya kazi na shirika la habari la AP huko Yerusalemu, aliandika mwaka wa 2014 kwamba shirika hilo lilikuwa na watu zaidi ya 40 wa kufuatia habari za Israeli na Palestina, kuliko waandishi wake wote wa Afrika kusini mwa Sahara wakijumlishwa. Sisi wa Kivu na Ituri tunafahamu maana yake. Taifa linalotajwa kila siku kwa ubaya wake litaonekana baya kuliko mataifa yote, hata kama pengine damu inamwagika zaidi bila kamera.

Upendeleo hauna upande mmoja

Tungekuwa waongo kama tungeishia hapo. Tarehe 11 Mei 2022 Shireen Abu Akleh, mwandishi Mpalestina wa Al Jazeera, na mkristo, aliuawa kwa risasi huko Jenin. Kwanza wakuu wa Israeli walielekeza lawama kwa Wapalestina wenye silaha. Septemba jeshi lilikubali kwamba inaelekea sana alipigwa na askari wake kwa kosa. Toka Oktoba 2023 Israeli haikuwaruhusu waandishi wa kigeni kuingia Gaza kwa uhuru, na waandishi Wapalestina zaidi ya 100 wameuawa katika vita hivyo. Watafiti wa Glasgow, Greg Philo na Mike Berry, walionyesha mwaka wa 2004 kwamba televisheni za Uingereza zilitoa nafasi zaidi kwa maelezo ya Israeli, na kwamba watazamaji wengi hawakujua hata ni nani anayekalia nchi ya nani.

Katika makanisa nako kuna kasoro. Baadhi ya wahubiri wanasema habari za Israeli kana kwamba Wapalestina hawako, au wote ni Hamas. Wanasahau Walutheri wa Bethlehemu na Waanglikana wa Gaza, ambao ni ndugu zetu katika Kristo.

Matunda yake

Oktoba 2023, katika jimbo la Illinois, mtu alimuua mtoto Mpalestina wa miaka sita aliyekuwa akiishi katika nyumba yake kama mpangaji pamoja na mama yake. Waendesha mashtaka walisema alikuwa akisikiliza sana redio na habari za vita. Tarehe 21 Mei 2025, mbele ya jumba la makumbusho ya Wayahudi huko Washington, wafanyakazi wawili wa ubalozi wa Israeli walipigwa risasi wakafa. Mwuaji alipaza sauti kwa ajili ya Palestina. Hakuna kati ya hao watatu aliyekuwa askari vitani. Waliuawa kwa sababu ya jina walilopewa.

Wapendwa, hatuhitaji kwenda mbali ili kuelewa. Mwaka wa 1994, ng'ambo ya mpaka wetu, redio RTLM iliwaita watu mende, na majirani wakachukua mapanga. Mwaka wa 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu watu wa habari kwa kazi ile. Hata leo, katika vikundi vyetu vya WhatsApp, kabila zima linabebeshwa makosa ya wenye bunduki. Anayezoea kusema "Wazayuni wote" au "Wapalestina wote" atasema kesho "wale wote" juu ya jirani yake.

Tufanye nini?

Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinatukataza kupokea na kueneza habari ya uongo. Mithali 18 inafundisha kwamba wa kwanza kueleza shauri lake anaonekana mwenye haki, mpaka mwenzake afike na kumhoji. Kwa hiyo, kabla ya kutuma habari ya Israeli na Palestina kwa wengine, au kuisema madhabahuni, tuulize: Nani amesema, na alijuaje? Ametumia jina gani, na angetumia lilelile kwa upande mwingine? Picha ni ya lini na ya wapi? Habari imekuwa na muda wa kuchunguzwa? Na kama jana tulitangaza jambo lisilo kweli, leo tulisahihishe mbele ya kusanyiko lile lile lililolisikia.

Anayeipenda Israeli anaweza kuipenda bila kudanganya. Anayewalilia Wapalestina anaweza kuwalilia bila kumchukia Myahudi. Tuombee amani ya Yerusalemu pamoja na wote wanaokaa ndani yake, na tuombee amani ya Kongo yetu vilevile.